Hotuba ya Kumshukuru Rubani

Mguu wa kulia wa ndege ulikataa kushuka, na sisi abiria thelathini na saba tuliotoka Kalemie tukaanza kuuzunguka mji wetu wenyewe, Lubumbashi, kama mwewe asiyeona pa kutua. Kila mzunguko ulinionyesha vitu vilevile dirishani: bomba refu la kiwanda, kilima cheusi cha makapi ya shaba, mabati ya mtaa wetu wa Hewa Bora ambako jikoni nilikuwa nimeacha maharagwe ya kupika nikirudi. Bomba likapita, likarudi, likapita tena. Ilikuwa alasiri ya mwezi wa tano. Mvua zilikuwa zimekwisha, na anga lilikuwa safi kiasi cha kutia hasira.

Kando yangu alikaa Mama Kahambu, mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo, aliyekuwa anatoka kununua dagaa Kalemie. Hatukuwa tunajuana. Alinishika kifundo cha mkono kama muuguzi anayepima mapigo, na hakukiachia kwa dakika arobaini.

Kisha ikaja sauti ya rubani, Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili chetu:

"Bantu bangu, mguu mumoja unakatala. Tunamaliza mafuta kwanza, kiisha tunashuka na miguu yenye iko. Jina langu ni Adrien. Nitabashusha."

Na kweli akatushusha. Alitua kwa mguu wa kushoto na wa mbele, akalishikilia bawa la kulia hewani kwa muda ambao hata leo siwezi kuupima, halafu akalilaza chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia begani. Chuma kikalia. Moshi ukaingia. Ndege ikageuka, ikaiacha lami, ikasimama kwenye nyasi.

Halafu makofi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka. Mama Kahambu alijipiga paja kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa bado umenishika.

Nasimulia haya mapema ili ijulikane kwamba sikumchukia tangu mwanzo. Tulipotolewa nje, tukiwa tumesimama kwenye nyasi kavu za uwanja wa Luano huku wazimamoto wakimwaga povu, nilimfuata Komanda Adrien nikamwambia merci, kwa sauti ya mtu aliyefufuliwa. Aligeuka. Aliponitambua, uso wake ulibadilika.

"Delphine? Na wewe ulikuwa mule ndani?"

"Nilikuwa kiti cha kumi na moja."

Alinitazama tu, kijasho kikimtoka juu ya mdomo, nami nikadhani ni furaha. Alikuwa ananijua tangu nikiwa shule ya sekondari. Baba yangu, Papa Godefroid, alikuwa fundi mkuu wa kampuni ileile ya ndege, na Adrien alipoanza kazi, kijana aliyetoka Moba bila ndugu mjini, alikula bukari, ugali wetu, mezani kwetu karibu kila Jumapili. Papa ndiye aliyemfundisha kusikiliza injini. "Usisikilize yenye inapiga kelele," alikuwa akimwambia, "sikiliza yenye imenyamaza."

Sasa Papa naye akaja. Alikuwa na miaka sitini na moja, na sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Alitoka karakana mbio, ovaroli ya bluu ikimpwaya miguuni, akanipita mimi mwanawe bila kunigusa, akaushika mkono wa Adrien na kuubusu. Mbele ya watu wote. Adrien akauvuta mkono wake haraka, kana kwamba umeungua. Nikasema moyoni: tazama mtu mnyenyekevu.

*

Siku ya nne kampuni ilimsimamisha Papa kazi. Tuliambiwa ni utaratibu tu, kila ajali ndogo ina tume yake ya uchunguzi. Papa alikaa nyumbani akikarabati kiti kimoja kwa wiki nzima.

Wakati huo abiria tulikuwa tumeanza kutafutana. Mama Kahambu ndiye aliyekusanya namba zetu, akatuita nyuma ya depo yake, tukakaa juu ya magunia ya sukari. Alitaka tufanye sherehe ya kumshukuru Komanda, Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi wa parokia, televisheni ya mji ije. Karibu wote walikubali. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Faustin, karani wa mahakama, mtu mwembamba aliyevunjika jino siku ile ya kutua.

"Mimi siko contre, sipingi sherehe," alisema. "Lakini yule muntu analipwa. Alifanya kazi yake. Mwashi akijenga nyumba isianguke, munamufanyia fete? Tukishukuru kila mutu juu ya kazi yake, siku yenye atafanya vibaya tutasema nini?"

"Mi nashukuru mpaka shofere wa camion yangu ya mizigo," Mama Kahambu akamjibu. "Akifika na mafuta ya kupikia haikumwangika, namwambia aksanti. Kinywa changu hakijapasuka."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, niliinua mkono, kwa kuwa walimu hatuwezi kuona swali likipita bila kuliinulia mkono. Nikasema kwamba mshahara unalipa saa za mtu. Nikasema hakuna karatasi ya mkataba inayoandika kwamba rubani atalilaza bawa namna ile. Kazi ni kutua, nikasema, lakini upole si kazi, upole ni zawadi, na anayepewa zawadi akanyamaza ni mshenzi.

Maneno mazuri. Nilipomaliza, Mama Kahambu aligonga gunia kwa kiganja. "Njo huyu, ni yeye. Mwalimu ataandika hotuba, na yeye njo ataisoma."

Niliiandika kwa siku tatu. Niliipenda. Nilimsomea Papa kipande kimoja, kile cha mtoto aliyesinzia begani, naye akaitikia kwa kichwa taratibu. "Iko muzuri," alisema. "Ana mikono, yule kijana." Kisha akarudi kwenye kiti chake.

*

Habari ilitoka kwenye gazeti siku kumi kabla ya sherehe. Nililikuta kwenye meza ya walimu, limefunguliwa ukurasa wenyewe. Tume ilikuwa imetoa ripoti ya kwanza. Hitilafu ya mguu wa kulia, ilisema, ilitokana na uzembe wa fundi, ambaye hakuiandika popote. Katika kitabu cha ndege hapakuwa na onyo lolote la asubuhi ile. Na rubani, alipohojiwa, alitamka kwamba hakuarifiwa.

Jina la Papa lilikuwa limeandikwa lote, mpaka la ukoo. Sisi asili yetu ni Kasai, wageni machoni pa wenyeji, na mtu wa Kasai akikosea Lubumbashi, hakosei peke yake. Kabla sijatoka shuleni nilikuwa nimeshasikia neno sabotage, yaani hujuma, mara mbili.

Nilimsomea Papa mezani. Alikuwa amekwisha kumega tonge. Alilishika tu vidoleni.

"Adrien amesema vile?"

"Njo vile bameandika, Papa."

"Rudilia."

Nikarudia. Rubani ametamka kwamba hakuarifiwa. Papa akalirudisha tonge kwenye sahani, akalibonyeza likae sawa, akanawa mikono. Ndipo akanisimulia.

Asubuhi ile alikuwa ameinua ndege kwenye jeki na kuujaribu mguu wa kulia mara tatu. Ulishuka mara mbili. Akaandika katika kitabu kwamba ndege isiruke. Kitabu kile kina karatasi mbili zinazonakiliana kwa kila ukurasa: nyeupe inasafiri na ndege, ya njano inachanwa na kubaki chini na fundi. Adrien akaja, akasoma, wakabishana kidogo. Halafu akaja Direkta Ruben, mwenye kampuni, amevaa miwani yake ya jua, akasema abiria wanangoja Kalemie na kampuni nyingine itawachukua. Adrien akasaini. Ndege ikaenda.

"Nilijua wewe uko kati ya benye kurudi nayo," Papa alisema. "Nilisimama inje pale tangu saa sita. Nilikuwa naangalia kule kaskazini."

"Basi uliwaambia tume?"

"Niliwaambia. Wakafungua kitabu. Ukurasa mweupe hauko."

"Na wa njano?"

Alisema Ruben alikuwa amemwita ofisini na kumweleza mambo mawili: ukinyamaza utapumzishwa na pensheni yako, ukileta karatasi itasemwa umeiandika baadaye, na kughushi kuna gereza. Lakini haikuwa hofu iliyomzuia. Nilimjua baba yangu. "Nampa Adrien muda," alisema. "Yeye njo alisaini. Inafaa aseme yeye mwenyewe. Mutu akisemewa, hajasema."

"Papa, ulimbusu mkono."

"Niliubusu mkono. Mkono ulifanya kazi." Akainuka. "Tumupe muda."

Nilimpa usiku mmoja. Kulipokucha nilikuwa mtu mwingine. Sijui niseme vipi ili nisijipake sukari: nilikuwa na furaha. Siku nyingi sikuwa na kitu kikali namna ile kifuani, kimekaa sawa, kina makali pande zote mbili. Yule mtu alikula kwetu. Alinitazama kwenye nyasi akajua amechezea roho ya nani, akafunga mdomo. Na mimi nilikuwa nimempa upole wake jina la zawadi, mbele ya watu, juu ya magunia ya sukari.

Papa alipokwenda kununua mkaa nilipekua chumba chake. Karatasi ya njano ilikuwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo za Kiluba, katikati ya nyimbo za mazishi. Ilikuwa na mwandiko wa watu watatu. Wa kwanza wa Papa, herufi zilizosimama kama askari. Wa pili wa Adrien. Wa tatu, chini kabisa, umelala upande, maneno machache na herufi moja. Nilisoma yote mara nyingi. Niliikunja mara nne, nikaiweka ndani ya sidiria.

Mimi ambaye hupiga fotokopi za mitihani kila juma, sikupiga hata moja. Nilikuwa na haraka ya kuchinja.

*

Ukumbi ulijaa. Walikuwa wametandika vitambaa vyeupe na kuning'iniza picha kubwa iliyotiwa fremu, ndege yetu imeinama kwenye nyasi, zawadi ya abiria kwa Komanda. Adrien alikaa mbele akiwa na sare yake, mistari minne mabegani. Kushoto kwake alikaa mama yake, aliyetoka Moba kwa ajili ya siku ile, kitenge kipya kikimvimba magotini. Kulia alikaa Direkta Ruben. Papa hakualikwa. Nilikuwa nimemwambia nakwenda kusoma hotuba kwa sababu nilishaahidi, naye akasema ahadi ni ahadi, akanipigia pasi blauzi.

Mama Kahambu alikuwa ameisoma hotuba ya kwanza na kulia. Nilipanda jukwaani nikiwa nayo mkononi. Nilisoma aya zake mbili kama zilivyokuwa: bawa, mtoto, bega. Mama yake Adrien akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kamera ikasogea. Kisha nikaiweka ile hotuba chini, nikatoa karatasi ya njano.

"Komanda Adrien," nilisema, "bado sijamaliza kukushukuru."

Watu wakatabasamu.

"Nakushukuru kwa kuwa unajua kusoma. Asubuhi ya safari yetu fundi aliandika hivi: Mguu wa kulia umejaribiwa mara tatu, umeshuka mara mbili. Ndege isiruke. Nakushukuru kwa kuwa unajua pia kuandika. Chini ya maneno yale uliandika: Nimesoma. Naichukua. Ukatia saini. Hii hapa. Naichukua! Ulituchukua, Komanda, watu thelathini na saba. Asante kwa kutuchukua."

Hakuna aliyetabasamu tena. Nilisikia mashine ya kamera.

"Nakushukuru kwa yale uliyoiambia tume, kwamba hukuarifiwa. Umemfanya fundi mwenye miaka thelathini na minne kazini aitwe muuaji na watu wanaonunua nyanya. Ulikula kwake. Asante kwa kula. Siku ile tulikuwa na mzozo, kama mtu ashukuriwe kwa kufanya kazi yake. Mimi nilisema ndiyo. Leo nasema: kutushusha, umekufanya vizuri. Lakini kutopaa nako kulikuwa kazi yako."

Nilipoinua macho, Adrien alikuwa amesimama. Sikutegemea hilo. Nilitegemea apinge au akimbie. Alisimama wima, mikono pembeni, akasema bila kipaza sauti, lakini tulimsikia mpaka nyuma:

"Ni kweli."

Halafu akaendelea kunitazama. Alikuwa anangoja. Nilielewa mara moja anangoja nini: mwandiko wa tatu, ule wa chini, uliolala upande. *Abiria wanangoja Kalemie. Iende. R.* Nilikuwa nao machoni. Ruben alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwangu, ameshika magoti yake.

Nikaikunja karatasi.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda viti. Mama Kahambu alinipita bila kuniangalia, akaitoa ile picha ukutani na kuigeuza. Katikati ya fujo ile Direkta Ruben alikuja jukwaani, taratibu, mpole kama daktari, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii inafaa ifike kwa tume leo hii. Nitaipeleka mimi mwenyewe." Na mimi nikampa. Nilikuwa namtazama Adrien akitafuta njia kati ya watu, mama yake amemshika koti kwa nyuma. Yule mama alipofika mbele yangu alisimama. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyodhani.

"Asante ya punda," alisema, na hakumalizia.

*

Papa alikuwa ameona yote kwenye televisheni ya jirani. Nilimkuta ameketi kwenye kile kiti alichokikarabati. Nilidhani atafurahi, au atanigombeza kwa kumwibia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Mstari wa chini je?" aliuliza.

"Sikuusoma."

"Niliona hukuusoma. Karatasi iko wapi?"

Nikamwambia. Akafumba macho. Nje watoto wa jirani walikuwa wanaimba, na mtu mmoja aliita kwa furaha kutoka barabarani, "Papa Godefroid, binti yako ni moto!" Papa akanyanyua mkono kumjibu, macho bado yamefumbwa.

Karatasi ilifika kwenye tume, ndiyo. Ilifika imechanika chini, upana wa vidole viwili. Ruben alieleza kwamba ilipasuka katika vurugu za ukumbini, na watu mia mbili walikuwa mashahidi wa vurugu hizo. Kilichobaki kilitosha. Papa alisafishwa jina, gazeti lilelile likaandika, herufi ndogo zaidi. Adrien alinyang'anywa leseni na kuwekwa ndani wiki sita. Alipotoka, watu walisema, alikuwa amepungua sana, na mkewe alikuwa ameuza friji.

Nilizipokea habari hizo moja moja kama mtu anayetafuna karanga. Naandika ukweli: nililala vizuri mwaka ule. Nikipita mahali wakanitambua, wakasema huyu ndiye mwalimu aliyemvua rubani nguo, nilinyoosha shingo.

Direkta Ruben alikuja nyumbani kwetu Hewa Bora na katoni ya juisi. Alimkumbatia Papa mlangoni. "Tulidanganywa sote, Papa Godefroid," alisema. "Njoo kazini." Nami nikangoja baba yangu amtemee mate.

Papa alirudi kazini Jumatatu.

Nilimpigia kelele, mimi, mtoto, nikiwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliendelea kufunga kamba za viatu.

"Ndege zingali zinaruka, Delphine," alisema. "Nisiporudi mimi, kule kitabuni ataandika nani?"

"Na rubani mpya? Akiandikiwa, anasikia?"

Alifunga kamba ya pili, akaikaza.

"Ni kijana kutoka Kolwezi. Ana mutoto wa kwanza. Anasaini mbio."

*

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilitumwa Kasomeno kusimamia mitihani. Siku ya kurudi nilikuwa nangoja gari kando ya barabara ya Kasenga, mahali wanapopima mahindi. Vumbi jekundu lilikuwa limepaka kila kitu, majani, kuku, kope za watu. Mwanaume mmoja alikuwa amesimama kando ya mizani, daftari kwapani, kofia ya nyasi kichwani, akiwaelekeza wapakizi. Aliongea kwa sauti ya chini, na wote walimsikia. Ni kwa sauti nilimtambua.

Naye alikuwa ameshanitambua. Alimaliza gunia lile, akaja.

"Mwalimu."

"Komanda," nilisema, na papo hapo nikaona nimemwita hivyo kwa ubaya.

Hakujali. Aliuliza mitihani ilikwendaje, nikajibu. Aliuliza Papa hajambo, nikasema hajambo, amerudi kazini.

"Kwa yule yule?"

"Kwa yule yule."

Akavua kofia, akaikung'uta kwenye paja. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi kando. Lori likaunguruma, likanyamaza.

"Siku ile ukumbini," alisema, "nilikuwa nangoja usome mustari wa chini."

"Nilijua unangoja."

"Na hukusoma."

"Ungeweza kuusema mwenyewe. Ulikuwa umesimama, watu wote wamenyamaza."

"Nani angeniamini, pale?"

"Hilo ndilo Papa alikuwa anajiuliza wiki nne."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji na kuona iko sawa. Tulitazama barabara. Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu aliyelibeba swali muda mrefu na anataka tu kulitua:

"Yule ndiye alitutuma wote. Ulikuwa naye mkononi. Ulimwachia juu ya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi, mimi mwalimu. Kwamba nilisahau. Kwamba niliogopa gereza. Nilikuwa nimeshayajaribu yote kwa watu wengine, na yalipokelewa vizuri.

"Yule sikuwahi kumshukuru," nilisema. "Wewe nilikushukuru."

Adrien akanitazama. Sijui aliona nini. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Nadhani niliyumba kidogo, kwa maana aliondoka ghafla akaingia kwenye kibanda, akarudi na kiti cha plastiki na kikombe cha maji. Alikiweka kiti kivulini mwa lori. Akakitazama kama hakitikisiki. Maji yalikuwa ya mtungi, ya baridi, na nilikuwa na kiu mpaka kooni kunauma. Nikaketi, nikanywa yote, yeye akingoja kando, mkono nyuma.

Gari langu lilitokea kwenye kona. Kwetu hata mtoto wa miaka mitatu anajua cha kusema akipewa maji. Nilimrudishia kikombe kitupu, nikachukua mfuko wangu, nikapanda.